Barua zenu kwa Papa Kasumbalesa: vikwazo vinamshika nani?

Wiki hizi barua zenu zimejaa neno moja. Wengine wanaandika "vikwazo", wengine "ambargo", na kijana mmoja wa Kampemba ameandika "kufungiwa madola", naye ndiye aliyekaribia zaidi. Mimi si balozi wala mwanasheria. Nilipitisha mizigo ya watu kwenye forodha ya Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, kwa miaka 27, na yale machache ninayoyajua kuhusu dunia niliyajulia kwenye foleni ya malori, faili kwapani. Nitajibu kwa kipimo hicho.

*Papa Kasumbalesa, jambo sana. Miye niko nauzishaka kapenta pa soko ya Kenya ya huku Lubumbashi. Ku radio banasema Bazungu banawekea bakubwa vikwazo. Ninunue unga mingi mbele ao ningoje? Isikuwe bei inapanda na miye nabaki mikono wazi.*
Mama wa kapenta, Lubumbashi

Mama, mhariri alitaka kuinyoosha barua yako nikamkatalia. Iko sawa ilivyo.

Usikimbilie unga. Kinachosomwa redioni siku hizi mara nyingi ni orodha ya majina. Mkubwa akiandikwa humo, makuta yake yaliyolala kwenye benki za nchi iliyomwandika yanafungwa, viza ya kule hapati, na watu na makampuni ya nchi ile wanakatazwa kufanya naye biashara. Kapenta yako, samaki wadogo wa Mpulungu kule Zambia, haimo kwenye orodha hiyo. Wewe pia haumo.

Lakini iko aina nyingine, na hiyo ingeingia mpaka ndani ya chungu chako. Unakumbuka Agosti 2024? Serikali yetu ilikuwa imezuia bia na vinywaji baridi vya Zambia, na Zambia ikajibu kwa kufunga mpaka: Kasumbalesa, Mokambo, Sakania, kote. Zilikuwa siku chache tu. Huku Katuba jirani yangu mwenye duka alipandisha bei ya mfuko wa unga wa kilo 25 siku ile ile, wakati unga aliokuwa nao ndani aliununua wiki mbili nyuma. Nilipomuuliza akanijibu, "Papa, unga umesikia habari." Na ule ulikuwa ugomvi wa bia, haukuwa hata ugomvi wa utawala.

Sasa chukua siku zile uzifanye miaka miwili na nusu. Ndivyo ilivyokuwa Burundi. Tarehe 25 Julai 1996 Meja Pierre Buyoya alichukua madaraka kwa nguvu ya jeshi, na kabla mwezi haujaisha marais wa majirani wakakutana Arusha, Mwalimu Nyerere akiwa msuluhishi, wakaamua kuifungia nchi nzima: petroli, biashara, ndege. Hawakuwa Wazungu, Mama. Walikuwa sisi kwa sisi. Baadaye walilegeza kidogo kwa chakula na dawa, na vikwazo vikasimamishwa Januari 1999. Buyoya alikuwa bado amekaa kwenye kiti. Kweli alikubali kuzungumza, na mkataba wa Arusha ukatiwa saini Agosti 2000. Lakini katika miaka ile petroli haikukosekana Bujumbura. Ilipitia njia za panya, na waliotajirika nayo ni wale waliokuwa na rafiki jeshini. Mwenye lori na rafiki alijenga nyumba, na muuza samaki akawa analipa samaki na njia ya panya pamoja.

Kwa hiyo ukisikia tena redioni, sikiliza kama wanataja majina ya watu au wanataja mpaka. Wakitaja mpaka, hapo nenda ukanunue unga.

*Mzee, mimi niko mwaka wa tatu wa sheria hapa UNILU. Profesa anatuambia vikwazo vya mtu mmoja mmoja ni chombo kizuri. Mimi naona ni makelele. Wale waliowekewa vikwazo wakati wa Kabila walipandishwa vyeo. Tuambie ukweli.*
Mwanafunzi, Lubumbashi

Mwanangu, ukweli wako ni nusu, ila ni nusu nzuri. Tuanze nayo.

Septemba 2016 Hazina ya Marekani iliwaandika Jenerali John Numbi, ambaye huku Katanga hahitaji kutambulishwa, na Jenerali Gabriel Amisi. Umoja wa Ulaya ukafuata: watu 7 mwezi Desemba 2016, wiki moja kabla ya muhula wa Rais Joseph Kabila kwisha bila uchaguzi, kisha 9 wengine Mei 2017. Ikawaje? Julai 2018 Numbi akafanywa mkaguzi mkuu wa jeshi, na Amisi akapewa unaibu mkuu wa majeshi upande wa operesheni na ujasusi. Mwezi uliofuata, Emmanuel Ramazani Shadary, mmoja wa wale 9 wa Ulaya, akatangazwa kuwa mgombea wa urais wa upande wa Kabila. Mtu angesema kuandikwa Brussels ndiyo sifa ya kuombea kazi.

Lakini angalia na jambo hili. Desemba 2018 Ulaya ilipoongeza muda wa orodha yake, Kinshasa ilimpa balozi wa Umoja wa Ulaya saa 48 aondoke, siku tatu kabla ya kura ya tarehe 30. Mtu ambaye kiatu hakimbani hamfukuzi fundi viatu. Mabwana wale wana watoto shuleni Ulaya, wana nyumba, wana daktari wao wa kule. Viza ikikatwa, mke ndiye anayeuliza kwanza.

Mimi ninachotaka ukiangalie wewe mwanasheria si viza. Ni dola.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa mama mmoja kambisti, mbadilisha pesa, karibu na Posta, na noti ya dola 50. Aliishika kwa vidole viwili, akaipandisha juani, akaigeuza, akapitisha ukucha pembeni. Kuna mchaniko. Si mkubwa, ni wa upana wa ukucha wake huo huo. Akanirudishia bila kusema neno. Noti ile kule ilikochapishwa inanunua mkate. Hapa Lubumbashi ni karatasi. Ndivyo tunavyoishi: nyumba tunapanga kwa dola, gari tunanunua kwa dola, na sehemu kubwa kabisa ya fedha zilizowekwa kwenye benki zetu ni dola. Nchi yetu haichapi hata moja.

Dola ya kwenye benki nayo ina mchaniko wake. Ukituma dola kutoka benki ya hapa kwenda kwa muuzaji wa China, hazirukii Bahari ya Hindi. Benki yako ina akaunti kwenye benki kubwa ya New York, na ni humo hesabu inapofanyika. Zinapopita pale zimepita kwenye ardhi ya Marekani, na sheria ya Marekani inazishika. Mtu wa kwenye orodha hapiti pale. Kampuni ambayo watu wa kwenye orodha wana nusu yake au zaidi nayo haipiti, hata kama jina lao halimo kwenye bango. Na benki yetu ya hapa, ikimsaidia kupita kwa mlango wa jikoni, inaweza kufungiwa akaunti yake kule. Benki ya Kongo bila akaunti ya New York ni kama wakala wa forodha asiye na muhuri. Kukaa ofisini anakaa, lakini hakuna anachopitisha.

Ndiyo maana kisa cha Dan Gertler kilitikisa Kolwezi, mji wa migodi, kuliko majina yote ya majenerali. Mfanyabiashara huyo Mwisraeli, rafiki wa Kabila, aliandikwa na Marekani Desemba 2017, na Juni 2018 makampuni yake mengine 14 yakaongezwa. Marekani ilisema alijitajirisha kwa mikataba ya migodi na mafuta yenye rushwa ndani yake. Yeye anakana kosa lolote. Sasa Glencore, yenye migodi ya KCC na Mutanda, ilikuwa inadaiwa malipo kwake kwa ajili ya migodi hiyo. Ikilipa, Marekani inakasirika. Isipolipa, Gertler anakwenda mahakamani hapa Kongo kuomba mali za migodi zishikwe, na alikwenda. Juni hiyo ya 2018 Glencore ikatangaza njia ya tatu: italipa, lakini si kwa dola ya Marekani.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho. Wakala yeyote wa Kasumbalesa angecheka. Barabara kubwa ina kizuizi, pita ya Sakania.

Januari 2021, siku za mwisho za Trump, Hazina ile ile ya Marekani ikampa Gertler kibali cha kimya kimya cha kurudi kwenye biashara. Machi mwaka huo huo serikali ya Biden ikakifuta. Februari 2022 serikali yetu na kampuni yake wakatangaza makubaliano ya kurudisha kwa Kongo mali za migodi na mafuta. Swali la mtihani kwako: je, angekaa mezani kama dola zingekuwa zinapita? Mimi nadhani hapana. Majenerali wana mshahara wa faranga na bunduki, hawategemei sana New York. Mtu wa migodi anaitegemea asubuhi na jioni. Chombo ni kile kile. Kinamuuma anayekula kwenye mfuko kilioufunga.

Na usimpe Mzungu ushindi wote. Kabila hakuondoka kwa sababu ya orodha peke yake. Waliotembea barabarani baada ya misa ya tarehe 31 Desemba 2017 na kupigwa risasi walikuwa Wakongo, na Luanda, yaani serikali ya Angola, nayo ilikuwa imechoka kusubiri.

*Papa, naendesha lori la shaba hadi Durban. Kila nikilala Chirundu au Beitbridge, Wazimbabwe wananiambia vikwazo ndivyo vilivyoua pesa yao. Wengine wanasema ni uongo wa serikali. Nimwamini nani?*
Dereva, yuko njiani

Kaka, waamini wote wawili, ila kwa vipimo tofauti.

Sheria ya Marekani juu ya Zimbabwe ilitoka Desemba 2001, na ilielekeza wajumbe wa Marekani kupinga mikopo kwa serikali ile kwenye mashirika ya fedha ya dunia. Ulaya iliwawekea vikwazo Mugabe na watu wake mwanzoni mwa 2002. Mpaka haukufungwa, wewe mwenyewe ni shahidi, unapita na tani 30 mgongoni. Lakini pesa ile ilianza kuugua mapema zaidi. Novemba 1997 serikali iliwaahidi wapigania uhuru malipo ambayo hayakuwa kwenye bajeti, na dola ya Zimbabwe ikaanguka siku moja. Agosti 1998 wakatuma jeshi, wapi? Hapa kwetu, kumsaidia Mzee Laurent-Désiré Kabila. Sisi wa Lubumbashi tuna sababu ya kutowacheka. Kisha mashamba 2000, kisha mashine ya kuchapa noti ikaachwa ikazunguka mpaka wakatoa noti ya trilioni 100, Januari 2009. Hakuna mmarekani aliyeshika ile mashine.

Ila yule anayelalamika pale Beitbridge naye hasemi uongo mtupu. Benki za nje zikiona neno "Zimbabwe" kwenye fomu zinaogopa, hata aliyetuma ni fundi wa baiskeli. Kumkataa ni rahisi kuliko kumchunguza. Marekani ilifuta mpango wake mzima juu ya Zimbabwe Machi 2024 na kuacha watu 11 na makampuni 3 tu chini ya sheria nyingine, Rais Mnangagwa akiwamo. Hofu ya mabenki haifutwi kwa tarehe.

*Mdogo wangu, mimi ni mstaafu wa migodi ya Gécamines, Likasi. Mobutu alikuwa akiwatukana Makaburu kwenye hotuba, na shaba yetu ilikuwa ikishuka kusini kwa treni kila wiki. Nilipakia kwa mikono hii. Tulikuwa wanafiki?*
Mzee wa Likasi

Shikamoo yako, kaka mkubwa. Wewe ulipakia, mimi nilikuwa bado nachezea mpira wa matambara. Nitasema kwa heshima.

Njia zilikuwa ngapi? Ya Lobito ilikatika 1975 vita ya Angola ilipoanza. Ya nyumbani unaijua kuliko mimi: treni mpaka Ilebo, pakua, pakia mashua mpaka Kinshasa, pakua, pakia treni mpaka Matadi. Nani anapenda kupakua shaba mara mbili? Iliyobaki ni kusini, na kusini mlango ulikuwa wa Makaburu. Wazambia, ambao walifunga mpaka wao na Rhodesia, Zimbabwe ya leo, kwa miaka huku wakiumia, walijengewa na Wachina reli ya TAZARA, kilomita 1,860 mpaka Dar es Salaam. Hata hivyo 1978 Kaunda alilazimika kuifungua tena njia ya kusini. Na wakubwa? Umoja wa Mataifa uliiwekea Rhodesia vikwazo vya lazima 1966, na 1971 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuiruhusu nchi yao kununua kromu ya huko huko. Kwenye foleni ya wanafiki, kaka, sisi tulikuwa nyuma kabisa.

Kama unataka kujua Makaburu walisikia maumivu lini, si siku ya hotuba ya Mobutu. Kukatazwa silaha na Umoja wa Mataifa mwaka 1977 waliweza kukuzoea, wakajitengenezea zao. Mwaka 1985 benki ya Chase Manhattan iliacha kuwaongezea muda wa madeni, nyingine zikaiga, randi ikaanguka, na Septemba serikali ikatangaza inasimamisha kulipa. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani likapitisha sheria ya vikwazo juu ya kichwa cha Rais Reagan aliyeikataa. Ni New York tena, kaka. Lakini watu wa Soweto walikuwa barabarani tayari, na hao mabenki walikuwa wanawaangalia kwenye televisheni.

*Papa, makuta ya kaka yangu toka Ubelgiji yamezuiwa siku tisa. Dada wa dirishani anasema "jina linachunguzwa". Mimi nauza vitenge, sijawahi kushika hata kisu. Nifanye nini?*
Mfanyabiashara, Ruashi

Pole, binti yangu. Karibu kwenye chama, mimi ni mwanachama wa zamani.

Mwaka juzi binti yangu aliyeko Liège alinitumia dola 200 za dawa ya presha. Nikaenda kwenye wakala, sitaitaja, nikatoa kadi yangu ya mpiga kura. Msichana akaandika, akasubiri, akaandika tena, uso ukabadilika. Akaniambia jina langu linafanana na la mtu. Mtu gani? Hawezi kusema. Ninavyodhani ni jenerali au mbeba bunduki fulani wa mashariki, kwa sababu jina langu la pili linabebwa na nusu ya watu wa upande wa Kalemie. Mashine haijui ukoo. Inaona herufi.

Usigombane na dada wa dirishani. Hana ufunguo, anabonyeza tu. Mwombe kwa upole aandike kwa wakubwa wake, na mpe kila karatasi inayokutofautisha na huyo mwingine: tarehe kamili ya kuzaliwa, mahali ulipozaliwa, majina yote matatu kwa mpangilio ule ule wa kadi. Mimi nilipeleka hadi cheti cha ubatizo, padre alichokiandika kwa wino wa bluu mwaka 1961. Msichana alikipiga picha mara mbili. Mwambie na kaka yako afanye hivyo hivyo upande wake, maana mara nyingi aliyezuia yuko kule, hapa wanasubiri jibu tu. Asitume fungu la pili kwa jina la mtu mwingine ili kuzunguka. Hapo mashine inaona njama, na wewe unakuwa umeanza kufanana na yule jenerali kweli.

Zangu zilitoka siku ya kumi na moja. Noti nne za 50. Nilizihesabu haraka haraka kwa furaha, nikazitia mfukoni, sikuzitazama pembeni. Tatu zikawa dawa, ya nne nikaiweka akiba kwenye Biblia. Ndiyo ile niliyompelekea mama kambisti wiki iliyopita.